Watu Wanane Mezani Qurum

Mabela, Maskati
Jumatatu, 30 Septemba 2024

Mdogo wangu Khulood,

Assalaam alaykum. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na gramu mia nne na kumi, kasema Loai kwa simu jana saa mbili asubuhi, naye kasomewa mizani na mkunga. Nywele nyeusi. Jina kapewa la babu yake marehemu, Thabit. Hayo yote nimeyapata kwa mkwe wangu, si kwako, na wewe ndiye uliyekuwa chumbani.

Sisi huku wazima. Kaka yetu Yaqdhan anatoka Qurum kila siku baada ya Alasiri, analeta mkate na habari nisizomuuliza. Mkewe Rawan kaleta halwa ambayo sijaigusa. Namusoke, mtumishi wangu, anawafungulia mlango wanaokuja kuhani, anawakaribisha vizuri kuliko mimi. Leo ni siku ya ishirini na tano tangu kufa mume wangu. Sijatoka nje, sijatia wanja, sijachoma udi. Nakaa chumba cha nyuma na kiyoyozi kibovu. Gazetini wamempa mtu mwengine makala yangu ya mabwawa ya mafuriko, na anaandika vibaya.

Yaqdhan ndiye aliyetaka tuandikiane. Baada ya tuliyoambizana kwenye simu, kasema karatasi humpa mtu nafasi ya kufuta. Mimi sina tabia ya kufuta, lakini nimekubali.

Wanawake wakija wananiuliza: "Na binti yako Noof uzazi huu yuko na nani huko ugenini?" Nawajibu: "Mimi eda imenikalisha, nimemtuma Khulood kwa niaba yangu." Wanasema mashallah, una mdogo mwema. Kahawa inazunguka.

Sasa maswali. Sitaki sifa, nataka majibu. Huo mji una watu wangapi? Nyumba iko umbali gani na mto? Nani anamwogesha mtoto? Nani anamkanda Noof, na kwa mafuta gani? Unalala chumba kipi? Mtoto akilia, nani anamnyanyua kwanza?

Dada yako,
Nasriya


Elvemo, Norwe
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Dada yangu Nasriya,

Alaykum salaam warahmatullah. Barua yako imefika Ijumaa, siku kumi na nane njiani. Noof anakusalimu, Loai anakusalimu, mjukuu wako kalala. Marehemu shemeji namwombea kila sala. Kibla cha hapa kiko kusini-mashariki, dirisha linalotazama bomba la moshi la kiwanda cha mbao, basi kila nikimaliza kusali naliona hilo bomba.

Watu ni elfu mbili na mia tatu, kasema mwanamke wa maktaba. Waislamu ni nyumba tano, na Ijumaa wanasali kwenye chumba cha juu cha hiyo hiyo maktaba. Kutoka mlangoni mpaka mtoni ni hatua tisini. Daraja lina hatua mia na ishirini. Nimehesabu kwa sababu nlijua utauliza.

Zamani magogo yalikuwa yakishushwa na maji mpaka kiwandani. Kiwanda kimefungwa, nyumba za wafanyakazi zimebaki, za mbao, nyekundu na za njano. Na mto, dada, haukauki. Kwetu wadi, mto wa msimu, huja mara mbili kwa mwaka, ikachukua magari ya watu, ikaondoka. Huu unapita tu kutwa kucha kama hauna haja na mtu.

Jumamosi Loai alitupeleka juu, kwenye kituo cha umeme wa maji anachofanyia kazi. Pana ukuta, na pembeni ya ukuta wamewajengea samaki ngazi za saruji ili wapande kwenda kuzaa. Nimemwona mmoja kwa macho yangu akiruka kidato. Njiani tulikuta meza yenye mayai na karoti, haina mwenyewe. Mtu anachukua, analipa kwa simu, anakwenda zake. Nlisimama pale. Loai kaniuliza, "Mama Mdogo, unamngoja nani?" Nikamwambia, "Namngoja mwenye mali anipunguzie bei." Kacheka mpaka kaegemea gari.

Usishtuke kwa hili: mchana mtoto analala nje. Wanamfunika sufi, wanamtia kwenye kigari, wanamweka barazani kwenye baridi. Kila nyumba ndivyo. Nlikataa wiki mbili. Kaja muuguzi wa watoto, kasema ni salama na atalala vizuri. Kweli analala. Mimi nakaa naye na makoti mawili, siondoki mpaka aamke.

Na mikate yao ya sukari wanaitia hiliki! Nimeingia duka la mwokaji nikasimama na harufu ya siku ya Idi nyumbani kwetu. Mwokaji alidhani naumwa.

Noof namkanda mimi, kwa mafuta ya ufuta niliyokuja nayo. Chumba changu kiko upande wa mto. Kitanda ni kipya, Noof alikinunua Julai, na godoro gumu kwa ajili ya mgongo wangu. Nimestarehe, alhamdulillahi.

Wako,
Khulood


Mabela
Jumanne, 12 Novemba 2024

Khulood,

Salaam. Mtoto sasa ana kilo tano kasoro gramu hamsini, kasema Noof juzi, na anacheka akisikia sauti yako. Hilo la pili hakukusudia kunambia. Limemtoka.

Yaqdhan mzima. Rawan kavunja jino. Azzam wao kafaulu mtihani wa udereva mara ya tatu, baba yake kamchinjia mbuzi. Namusoke anakusalimu. Noof kaleta picha kwa simu: wewe darajani, koti la bluu, mtoto kifuani, umemfunga na ile shali ya kijivu. Uso umekunenepea. Namusoke kaitazama juu ya bega langu.

"Madam, dada yako amependeza."

"Sikukuuliza."

"Hujaniuliza, lakini hiyo simu umeishika tangu chai ya asubuhi. Mpaka imekula chaji yote."

"Kaitie chaji basi."

"Nikikuletea waya utaiacha kidogo, ule?"

Nimekula. Sasa nisikilize.

Nimeuliza maswali sita. Umejibu manne. Nani anamwogesha na nani anamnyanyua kwanza hujasema, kwa hiyo nimeelewa. Badala yake nimeletewa ngazi za samaki.

Kuna jambo jengine. Mume wangu kafa Ijumaa tarehe 6 Septemba. Wewe umeruka Jumatatu tarehe 16. Hizo ni siku kumi, na matanga yalikuwa siku tatu ndani yake. Nimempigia mtu anayefanya kazi kwa wakala wa safari. Kasema viza ya kule haitoki chini ya siku kumi na tano, na kupata miadi ya kutia alama za vidole peke yake ni wiki mbili au tatu wakati wa joto. Na kitanda kimenunuliwa Julai, na godoro limechaguliwa kwa mgongo wako. Mimi mgongo wangu mzima.

Kwa hiyo si eda iliyonizuia. Palikuwa pameshapangwa, na mimi sikuwemo kwenye mpango. Nimewaambia wanawake arubaini na zaidi, ndani ya chumba hiki, kwamba nimekutuma. Nimewaambia uwongo, na sikujua.

Miaka thelathini na moja nauliza watu wanaoficha. Wengine ni mawaziri, wengine wakandarasi. Sikudhani nitakuuliza wewe. Uliomba viza lini? Nani aliyekualika? Mwanangu alisema nini juu yangu?

Nasriya


Elvemo
Jumapili, 1 Disemba 2024

Dada Nasriya,

Assalaam alaykum. Hatujambo. Mto umeanza kuganda kandokando, katikati bado unakwenda. Jua linatua kabla ya saa tisa na nusu. Viza yangu ni siku tisini na zinakwisha tarehe 15, nitaondoka tarehe 13.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Noof kaniuliza, "Mama Mdogo, Mama kaandika nini?" Nikamwambia kaandika kuhusu jino la Rawan. Hajui lolote la ugomvi wetu na simtaki ajue. Ananyonyesha.

Unataka tarehe. Viza niliomba Jumatatu, 22 Julai. Mwaliko kaniletea Noof. Lakini aliyenipeleka ni wewe, dada, na uliposema hivyo kwa hao wanawake arubaini hukusema uwongo.

Ijumaa, 7 Juni, tulikula nyumbani kwa Yaqdhan, Qurum. Noof kapiga simu ya picha. Umeiegemeza simu kwenye bakuli la achari. Kakuuliza, "Mama, Septemba utakuja kunilea?" Hujamaliza tonge. Umemwambia: "Septemba nna mabwawa, mwanangu. Mchukue Khulood. Hana mume, hana mwana, hana kazi, atakuwa na udhuru gani?" Kisha ukaomba upewe ndimu.

Watu saba walikuwepo mezani. Azzam alicheka, alidhani ni mzaha. Rawan alitazama sahani. Mimi nikanyanyuka nikajifanya naleta maji.

Hukukumbuka hata ulipokaa eda na kuulizwa na watu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yenyewe. Kwako lilikuwa jambo dogo.

Ndiyo, namwogesha mimi. Ndiyo, namnyanyua mimi kwanza. Mama yake anachoka na mimi nasikia haraka.

Khulood


Mabela
Ijumaa, 27 Disemba 2024
(kwa mkono wa Yaqdhan)

Khulood,

Salaam. Umetua Maskati asubuhi ya Jumamosi tarehe 14, kasema Yaqdhan aliyekupokea. Leo ni siku ya kumi na nne. Kutoka kwako Madinat Sultan Qaboos mpaka kwangu Mabela ni dakika arubaini kukiwa na msongamano. Hujaja. Mimi siwezi kutoka na unalijua hilo. Barua yako ya Elvemo imefika tarehe 19, siku tano baada yako mwenyewe.

Namusoke kaumwa na mafua, sasa mzima. Kiyoyozi kimetengenezwa.

Nimefungua daftari langu la Juni. Unajua kwamba naandika kila siku, hata siku isiyo na kitu. Tarehe 7 nimeandika hivi: "Qurum kwa Yaqdhan. Nguru wa kuchoma. Wanane. Noof kapiga. Khulood atakwenda Norwe. Thabit hakula." Maneno niliyomwambia Noof sikuyaandika. Nimempigia Rawan, ambaye hapendi kusema. Kathibitisha neno kwa neno, pamoja na ndimu.

Kwa hiyo taarifa yako ni sahihi. Isipokuwa hesabu. Umesema saba. Walikuwa wanane: mimi, wewe, Thabit, Yaqdhan, Rawan, Azzam, nduguye Reem, na mama yake Rawan.

Nataka uelewe kitu, nami nitakisema mara moja. Tangu Septemba nimekuonea wivu mpaka nimeona haya kusali. Picha zote ninazoletewa natazama mikono kwanza, nione ni ya nani. Siku moja palikuwa na mkono wa Noof peke yake, nikafurahi kutwa. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa.

Nilidhani umeniibia. Kumbe nilikupa mwenyewe, tena kwa kukutukana.

Mbona huji?

Nasriya


Madinat Sultan Qaboos
Jumatatu, 30 Disemba 2024
(kwa mkono wa Yaqdhan)

Dada yangu,

Alaykum salaam. Yaqdhan anasema yeye si posta, akipewa barua ya tatu atadai mshahara.

Sijaja kwa sababu ya ile shali ya kijivu. Nimerudi nayo haijafuliwa. Ina harufu ya mtoto, maziwa na ule ufuta. Nalala nayo. Nilijua nikija utaisikia juu yangu, na utanitazama, na mimi sina nguvu ya kutazamwa na wewe.

Umesema la kwako, nami nitasema la kwangu. Nimekuonea wivu tangu Noof alipozaliwa. Unakwenda Sohar kuandika habari, unaniachia, unarudi saa tatu usiku, naye anakukimbilia wewe. Mimi nimemlisha kutwa. Uliposema yale Qurum niliumia, na palepale nilifurahi. Nilisema moyoni, siku tisini kitu chake kimoja kitakuwa changu. Kimekuwa. Ulipokaa eda na mimi niko na mtoto kifuani darajani, nilijua picha itakufikia. Nilimwambia Noof aipige karibu zaidi.

Sasa hiyo hesabu. Nimesema saba kwa sababu wakati wa kicheko Thabit hakuwa mezani. Alikuwa ameshanyanyuka, kisha nilipotoka kanifuata jikoni.

Nilikuwa nimefungua bomba la maji nisisikike. Kaja akalifunga. Kasema, "Khulood, nenda. Nakuomba."

Nikamwambia, "Shemeji, umesikia nilivyosemwa?"

"Nimesikia. Yeye anadhani kakutukana wewe, kumbe kanisaidia mimi. Nna haja naye hapa Septemba."

"Septemba kuna nini?"

"Daktari anataka anione tena Septemba. Usimwambie. Ukimwambia atamhoji daktari, na mimi, na mwenye duka la dawa."

Alikuwa anacheka, ndiyo maana sikutia maanani. Kashika glasi ya maji niliyojifanya naileta, kakupelekea wewe. Hukumbuki? Wewe uliinywa.

Nilitaka kukwambia siku ya mazishi. Nikaona nikikwambia utajua kwamba mumeo aliniambia mimi kabla yako, na huo utakuwa wivu wa pili. Kisha, Mungu anisamehe, nikaona nibaki na hilo pia.

Nimesema yote. Sina lililobaki.

Khulood


Mabela
Jumapili, 5 Januari 2025
(kwa mkono wa Yaqdhan, ambaye kalipwa halwa)

Mdogo wangu Khulood,

Assalaam alaykum warahmatullah. Thabit alimwona daktari wa moyo tarehe 21 Mei na tena tarehe 4 Juni, kasema daktari mwenyewe leo asubuhi kwa simu. Miadi ya tatu ilikuwa tarehe 10 Septemba. Nimemhoji dakika ishirini. Duka la dawa nimelipigia vilevile. Marehemu alinijua.

Kwenye daftari la Juni nimeandika "Thabit hakula" mara sita. Sikumuuliza hata mara moja. Nilikuwa nauliza wahandisi kuhusu saruji.

Namusoke kanikuta nimekaa na madaftari sakafuni.

"Madam, unatafuta nini?"

"Nimeshakipata."

"Sasa mbona bado uko chini?"

Kakaa pembeni yangu. Yeye ana mama yake huko Masaka, Uganda, hajamwona mwaka wa tatu, na mimi nilikuwa namlalamikia kuhusu miezi minne ya eda.

Kama ungenambia Juni, nisingekwenda Norwe, na nisingekwenda kwenye mabwawa. Ningekaa nyumbani nikimkaba Thabit kwa maswali mpaka siku ya mwisho. Yeye hakutaka. Alitaka mke anayeingia na kutoka kama kawaida, na wewe ukampa. Si kwamba nakushukuru kwa furaha. Nashukuru hivyo hivyo, na wivu wangu bado upo. Nakueleza kwa sababu ukinikuta nao usishangae.

Gazetini tuna desturi moja ninayoiamini. Kosa likichapwa ukurasa wa kwanza, sahihisho halifichwi ukurasa wa mwisho chini ya matangazo ya vifo. Linawekwa palepale lilipokuwa kosa, kwa herufi zilezile. Nilikukosea kwenye meza ya watu wanane, saa ya chakula, Noof akiwa kwenye simu. Barua hii haitoshi. Ningeridhika nayo, lakini mimi si mhariri wa kosa langu mwenyewe.

Kwa hiyo imepangwa hivi. Eda yangu inakwisha Jumapili ijayo, tarehe 12, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Yaqdhan alihesabu kwa kalenda ya ofisini akanizidishia siku nne, nimemrekebisha. Siku hiyo njoo Mabela mapema. Shali usiifue. Njoo nayo. Nataka kuisikia, na nataka unambie analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, maana hizo ni habari na wewe peke yako unazo.

Ijumaa tarehe 17 tunakula Qurum. Rawan keshaagiza nguru. Watakuwepo walewale, na nitasema niliyoyasema, neno kwa neno, kisha nitasema kwamba si kweli. Azzam akicheka safari hii nitamwacha. Kiti cha nane hakitaachwa wazi, nimemwambia Rawan akiwekee simu, iegemezwe kwenye bakuli la achari. Noof kaahidi kumshika mtoto Thabit mbele ya kioo cha simu.

Jumatatu tarehe 20, saa tatu asubuhi, nna miadi ya kutia alama za vidole. Fomu inauliza nani atakupokea na utalala wapi. Nimeandika: chumba cha upande wa mto, kwenye kitanda cha mdogo wangu.

Ijumaa hiyo Noof atapiga saa saba na nusu mchana. Usichelewe.

Dada yako,
Nasriya